Nililipia tairi ya 140, nikapata ya 126

Nakiri kabisa, sababu ilikuwa muonekano tu. Piki yangu ni ndogo, kiwandani ilitoka na tairi ya nyuma ya 110/80-17, na kila nikiipaki pembeni ya piki kubwa naiona kama jamaa aliyejaza kifua gym halafu miguu ya korongo. Nikasema mi naweka 140/70-17, rimu si ni ya 17 hiyohiyo, itaingia tu. Na iliingia kweli, bora hata ingekataa.

Kwa asiyezijua zile namba: ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ukuta wa tairi kwa asilimia ya huo upana, ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwahiyo ukuta wa 110/80 ni milimita 88, wa 140/70 ni 98. Mtu akiona 80 imekuwa 70 anadhani tairi imeshuka, kumbe imepanda, ni asilimia ya kitu kikubwa zaidi. Ekseli, ile nondo ya katikati ya gurudumu, inanyanyuka sentimita moja nzima.

Hesabu niliyopiga mimi ilikuwa ya cheni tu. Nikapima nafasi kati ya cheni na tairi ya zamani, nikapata milimita 21, tairi mpya inaongeza 15 kila upande, zinabaki 6, nikajiona injinia. Fundi aliniuliza swali moja tu, "rimu yako upana gani?" nikamjibu 17. Akaniangalia, akaguna, akaendelea na kazi. Lile guno nilitakiwa nilisikilize.

Kuivalisha tu ilikuwa vita. Upande mmoja ulikaa ukalia ile "pah!", wa pili ukagoma, tukashusha upepo, tukapaka maji ya sabuni, tukajaza tena, ndo ukakaa kwa shida. (Kaangalie kale kamstari membamba kanakozunguka tairi karibu na rimu, kawe na umbali sawa kote. Na usimalizie hasira kwenye kompresa, ukizidisha presha kupita iliyoandikwa kwenye tairi inaweza kupasuka mikononi mwako.) Baada ya hapo tukavuta gurudumu nyuma kwenye maajasta ya cheni (zile skrubu za kukaza na kulegeza cheni) maana tairi hiyo ya nyuma, kwa upande wake wa mbele, ilikuwa inakaribia kulamba chuma, tukarekebisha na waya wa breki. Nikapiga picha nyingi sana.

Siku za kwanza nilikuwa nasema ni ugeni. Nikiwa wima piki inacheza kama imesimama juu ya mgongo wa kitu, kwenye kona inaanguka ndani ghafla halafu katikati ya kona inakuwa nzito, haieleweki. Mlima niliokuwa naupanda na gia ya nne sasa nashuka ya tatu. Hilo la mlima lina maelezo, kipenyo cha tairi kimeongezeka kama asilimia 3, yani ni sawa na umepunguza jino moja na kitu kwenye sproketi ya nyuma (ile sahani ya meno inayozungushwa na cheni), injini inavuta kwa shida zaidi, na juu ya hapo tairi yenyewe ni nzito. Stendi ya pembeni nayo, kwasababu nyuma imenyanyuka, ikawa inailaza piki sana, mara mbili nimeidaka inaenda chini.

Siku niliyobeba abiria ndo nikasikia harufu ya mpira. Shoku zikishuka kwenye tuta tairi inasugua madigadi kwa ndani, nikainama na tochi nikakuta mstari umeng'aa kabisa. Na wakati nimeinama hapo ndo nikaona maandishi kwenye rimu ambayo yalikuwepo miaka yote: 17xMT2.50. Hiyo 2.50 ndo jibu la swali la fundi, upana wa rimu kwa ndani pale tairi inapokalia, inchi mbili na nusu. Tairi ya 140/70 inataka kuanzia inchi 3.50 hadi 4.50.

Ukiiweka kwenye rimu nyembamba kuta zinabanwa kwa ndani na katikati inachongoka, kama unavyobana puto kwa viganja. Sehemu inayogusa lami inapungua badala ya kuongezeka. Nilikuwa nimetembea wiki chache lakini katikati kote ulaji unaonekana, na pembeni kulia na kushoto zimebaki sentimita mbili zina vile vinywele vya mpira vya kiwandani, hazijawahi kuijua barabara. Nikachukua kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, nikaipima tairi. Milimita 126. Watu wa tairi wana kipimo chao cha haraka, kila nusu inchi ya rimu inabadilisha upana wa tairi kwa kama milimita 5, na mimi nilikuwa pungufu ya nusu inchi tatu kutoka inchi 4 ambayo tairi hii inaipenda. Toa 15 kwenye 140, haya.

Nimerudisha 110/80. Kona ya kwanza tu nilicheka peke yangu ndani ya helmeti, nilikuwa nimesahau kwamba hii piki inajua kukata kona. Kuna namna ya kufanya vizuri, unabadilisha rimu, spesa, pengine na ule mkono wa nyuma wenyewe unaoshika gurudumu, unapanga cheni upya inyooke, ila mimi sina moyo huo kwa ajili ya picha.

Ile 140 niliiuza kwa rafiki yangu, yeye piki yake ina rimu ya inchi 4. Juzi kaja kaipaki pembeni ya yangu, nikachomoa kalipa kabla hata hajavua helmeti. 139.