Gazeti Langu Liko Juu ya Kabati

Kisanduku chenyewe ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo inayotosha kiganjani. Kimekaa juu ya kabati la vyombo, kwetu Likoni, nyuma ya birika la kahawa la marehemu nyanya. Mamangu hukifunika kitambaa kisiingie vumbi, mimi hukifunua kisipate joto. Vita hivyo haviishi.

Ndani mna FreshRSS, programu huria ya kusomea milisho ya habari, yaani orodha za mambo mapya ambazo tovuti hujitolea zenyewe. Kila nusu saa inazipitia tovuti nilizoziandikisha na kuuliza kama kuna jipya. Tovuti nyingi hujibu "hapana" kwa maneno mawili na mambo yakaishia hapo, hata bando halihisi. Penye jipya inalichukua, inalipanga kwa saa lilipotoka, basi. Hakuna anayeamua kwamba kwa kuwa jana nilitazama video moja ya paka, leo nistahili paka kumi.

Zamani nilikuwa mtu wa Google Reader, kisomaji cha milisho cha kampuni ya Google. Ilipofungwa tarehe 1 Julai 2013 nilinuna wiki nzima, kisha nikahamia mitandao ya kijamii kama wenzangu. Aliyenirudisha ni ami. Yeye husoma gazeti barazani baada ya alasiri, akifika mwisho hulikunja na kulikalia. Siku moja aliniangalia nikisukuma simu kwa kidole, nasukuma tu, akaniuliza, "Hilo lako halina ukurasa wa mwisho?"

Kuweka kisomaji changu mwenyewe kulinichukua jioni mbili, na moja niliipoteza kwa nenosiri nililokosea mwenyewe. Nilianza na Miniflux, programu nyingine ya kazi hiyohiyo. Nyepesi kweli, lakini lazima iwe na PostgreSQL, hifadhidata ya kazi kubwa, na kwa milisho sitini ya mtu mmoja niliona ni kumchinjia ng'ombe mgeni aliyepita kunywa chai. FreshRSS inaridhika na SQLite, hifadhidata ya faili moja tu.

Wiki ya tatu stima ikapotea mara nne usiku mmoja. Asubuhi kisanduku hakiwaki: memori kadi imekufa. Kadi hizi hazipendi kukatiwa umeme huku zikiandikwa, na mimi nilikuwa nikilijua hilo, nikapuuza. Kilichoniokoa ni faili la OPML nililojitumia kwa barua pepe. Ni orodha tupu ya milisho yako, na karibu kila kisomaji huielewa, kwa hiyo orodha yote ikarudi kabla chai haijapoa. Makala nilizozitia nyota ndizo zilizokwenda na maji. Kulikuwa na moja ya ufundi wa mashua ambayo hadi leo sijaipata tena. Sasa nimeweka diski ya SSD badala ya kadi, na betri ndogo inayokilisha kisanduku pamoja na ruta.

Swali ninaloulizwa sana ni vipi naifikia FreshRSS nikiwa kazini ng'ambo ya feri, kisiwani Mombasa. Siifikii. Kampuni inayonipa intaneti hainipi anwani ya peke yangu, tunagawana moja watu wengi, kwa hiyo kugonga mlango kutoka nje ni kazi. Nilikuwa karibu kukodi seva ya nje na kujenga njia ya siri hadi nyumbani kwa programu ya WireGuard, kisha nikajiuliza: kwa habari gani hizo za dharura? Simu inashusha kila kitu alfajiri kwa Wi-Fi ya nyumbani, nami nasoma nikingoja feri, bila bando. Na hapa pana kichekesho: programu ya simu huzungumza na FreshRSS kwa lugha ileile ya Google Reader. Mwenyewe alizikwa, lugha yake bado inasemwa.

Siku nyingi nafika upande wa kisiwani orodha imebaki tupu, natia simu mfukoni.

Ami naye nimemfungulia akaunti, ana milisho mitatu. Jana alinipigia simu saa kumi na moja jioni, sauti ya mtu mwenye malalamiko: "Mwanangu, limekwisha. Lengine waleta saa ngapi?"