Sherehe ya Julai huko Nicodemus

Nilipokuwa nikisoma Hays, magharibi mwa jimbo la Kansas, mwanafunzi mwenzangu alinialika kwao Nicodemus, kijiji kilichoanzishwa na Wamarekani Weusi waliotoka utumwani, kwenye sherehe ya mwisho wa Julai. Yeye na wazazi wake walizaliwa Denver, katika jimbo jirani la Colorado, lakini hakuona ajabu yoyote kupaita kwao mahali ambapo hajawahi kulala isipokuwa siku za sherehe. Nami niliyetoka Kilimanjaro, ambako mabasi hujaa kila Desemba watu wakipanda kwenda kwao, sikuhitaji kuelezwa zaidi. Tulipita mashamba ya ngano iliyokwisha kuvunwa na ya mtama uliokuwa bado kijani, hadi tukafika penye nyumba chache kando ya barabara na magari mengi yenye namba za majimbo ya mbali.

Shughuli zilifanyika katika ukumbi wa kata, jengo la mawe ya chokaa lililojengwa mwaka 1939 chini ya mpango wa serikali wa kuwapa watu kazi wakati wa mdororo wa uchumi. Juu ya meza ndefu zilitandazwa picha za zamani, na bibi mmoja aliyevaa kofia pana alikuwa akiwaita watoto mmoja mmoja, akiwashika mkono na kuwawekea kidole juu ya uso wa babu wa babu yao. Aliponiuliza natokea wapi, nikamjibu, alisogeza kiti chake na kusema kwamba basi sina budi kuanza kusikia tangu mwanzo.

Mwanzo wenyewe ulikuwa tangazo. Mwaka 1877 mchungaji Mweusi W. H. Smith na mfanyabiashara Mzungu W. R. Hill walianzisha kampuni ya kujenga mji mpya, wakawashawishi watu waliotoka utumwani Kentucky kwamba kuna nchi njema inayowangoja. Ardhi kweli ilikuwepo: kwa sheria ya mwaka 1862, familia iliyokaa na kulima kwa miaka mitano ilipata ekari 160. Kilichokosekana ni mji. Watu walishuka kwenye treni huko Ellis, wakatembea zaidi ya kilomita hamsini, na hawakuona nyumba hata moja. Willina Hickman, aliyefika mwaka 1878 pamoja na mumewe mchungaji, alisimulia baadaye kwamba alipouliza Nicodemus iko wapi alionyeshwa moshi unaotoka ardhini, kwa kuwa watu walikuwa wakiishi katika mahandaki, akalia. Bibi yule alisimulia kisa hicho akicheka, nami nikahisi kwamba amekisimulia kila Julai ya maisha yake.

Baadhi walirudi, na kwa maoni yangu hakuna haki ya kuwalaumu. Waliobaki walilima kwa majembe na sepetu, na majira ya baridi ya kwanza waliokolewa kwa chakula walichopewa na wawindaji wa kabila la Osage. Katikati ya miaka ya 1880 palikuwa na makanisa, shule, hoteli, benki na magazeti mawili. Mkazi mmoja, Edward McCabe, alichaguliwa kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima mwaka 1882.

Habari za reli nilizipata nje, kwenye foleni ya mbavu za kuchoma, kutoka kwa mzee aliyezieleza kwa hasira kama mtu aliyedhulumiwa juzi. Mwaka 1887 wapiga kura wa kata waliidhinisha hati fungani, yaani mkopo wa umma, za dola 16,000 ili kuivuta reli ya Missouri Pacific, nayo haikuja. Mwaka uliofuata kampuni nyingine ya reli, Union Pacific, ikapitisha njia yake ng'ambo ya kusini ya mto Solomon, na wenye maduka wakahamia huko, mahali paliporithi biashara yote na kuwa mji wa Bogue. Mzee alinionyesha upande huo kwa uma wake. Mwaka 1996 serikali ya Marekani iliitangaza Nicodemus kuwa eneo la kihistoria la taifa, jambo alilolitaja kwa sentensi moja tu kabla ya kurudi kwenye reli.

Jioni ukoo wa rafiki yangu ulikaa chini ya turubai kujadili michango ya kutunza makaburi. Mjomba wake alisoma majina kutoka daftarini, na alipofika kwa rafiki yangu, aliyedai kwamba bado ni mwanafunzi, alimwandikia kiasi kilekile cha watu wazima wengine.