Ninavyotazama pango la mbwa mwitu wa Bale bila kuwafukuza

Mbwa mwitu wa Ethiopia si yule wa mabaka wa Serengeti. Huyu ni mwekundu, miguu mirefu, huishi juu ya mita 3,000, na waliokomaa hawafiki 500 duniani kote. Zaidi ya nusu wako milima ya Bale, kusini mwa Ethiopia. Mgeni akimwona mmoja nyanda za Sanetti, juu ya milima hiyo, akipita kando ya barabara bila kujali gari, hudhani wanyama hawa hawasumbuki. Wanasumbuka sana, ila si lazima wakimbie.

Kipindi kigumu ni Oktoba hadi Desemba, wanapozaa, na ndipo anga hutakata na wageni humiminika. Mimi hukaa mita 500 kutoka pangoni, nyuma ya mwamba, upepo ukinijia usoni, darubini ikiwa juu ya miguu yake mitatu. Nafika kabla ya kupambazuka, kisha sitikisiki mpaka kundi litawanyike kwenda kuwinda, kila mmoja peke yake. Alfajiri na jioni ndipo wanapokutana, wakasalimiana na kukagua mipaka yao. Ukisimama saa hiyo umeshaharibu siku. Tuwe wanne tu. Wa tano lazima akohoe.

Mmoja akinikazia macho, masikio mbele, asirudi kulala, naanza kujiuliza. Aliyerudi na nyama tumboni akizunguka badala ya kwenda kuwatapikia watoto, naondoka kwa njia niliyojia. Ukikaidi, wanaweza kuwabeba watoto kwa mdomo hadi pango jingine, na usiku wa huko maji huganda. Lakini huwahamisha hata bila kubughudhiwa, pengine zaidi ya kilomita moja, kwa hiyo pango tupu peke yake si ushahidi.

Napita kwenye njia za ng'ombe tu. Chakula kikuu cha mbwa mwitu wa Bale ni fuko mkubwa, anayekaribia kilo moja. Akihisi kishindo huzama shimoni, na mbwa mwitu aliyekuwa amejibanza hapo akimvizia hukosa windo. Ng'ombe hawampi mbwa mwitu shida hiyo. Hujificha nyuma yao akinyemelea. Waoromo, wenyeji wa huko, humwita jeedala fardaa, bweha wa farasi, kwa kuwa hufuata farasi majike wanaokaribia kuzaa apate kondo la nyuma.

Ninayemwogopa hasa ni mbwa wa kufugwa. Kichaa cha mbwa kilipoingia bonde la Web, huko huko Bale, mwaka 2003, kiliua takribani robo tatu ya mbwa mwitu wa hapo. Mbwa wa mchungaji akinifuata, nasimama mpaka mwenyewe amwite, hata nikichelewa. Simpi hata kipande cha mkate, na mabaki yote ya chakula nashuka nayo. Nikikuta mzoga siugusi wala siufukii: nachukua alama ya mahali na kuwaita wafuatiliaji wa mbwa mwitu siku hiyo hiyo, maana sampuli ya ubongo ndiyo inayothibitisha ugonjwa, na ikioza haitoi jibu la kuaminika.