Kahawa chungu na mtihani

Binti yangu yuko kidato cha nne, mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE, ndiyo huu. Juzi saa nane usiku nimemkuta mikono yamtetemeka, kikombe cha nne cha kahawa chungu kando ya daftari. Amesoma ukurasa mmoja mara tano, hakumbuki kitu! Wazazi wenzangu, kafeini hukaa mwilini saa nyingi. Mtoto akilala, usingizi hauji. Nikaimwaga yote.

Sasa jioni namchemshia mchaichai, naung'oa pale uani. Asubuhi mbaazi za nazi na yai, si mahamri matupu; mbaazi zina protini, zamshikilia hadi adhuhuri. Dafu nampitishia sokoni Marikiti. Saa nne taa yazimwa, sitaki mjadala.

Leo ameamshwa na adhana ya alfajiri. Akaulizia chakula mwenyewe, mwanangu.