Vyuma vipya vya Juni: soketi ya 54 na wenzake

Aprili na Mei magari mengi ya watalii hapa Arusha hulala. Masika yanageuza njia za hifadhini kuwa tope, kambi kadhaa zinafungwa, na wenye kampuni wanaleta Land Cruiser zao gereji zikiwa hoi: beringi zinalia, bushi zimekwisha, shokapu zinavuja. Wakati watu wa utalii wanalia njaa, sisi mafundi ndiyo tunavuna. Juni ikiingia magari yanarudi Serengeti na Ngorongoro, malipo yaliyobaki yanatoka, na fundi anayeipenda kazi yake anatenga kiasi cha kununulia vyuma.

Basi Jumamosi jioni, upande wetu wa Unga Limited, kazi zikishapungua, watu wanatandika gunia juu ya boneti na kila mmoja anaweka alichonunua. Wanakuja mafundi wa gereji za jirani, madereva wa utalii, na hata watu wasio mafundi kabisa ila wana gari au pikipiki nyumbani wanayoichokonoa siku za mapumziko. Swali la kwanza la wengi ni bei, la pili ni duka. Mimi swali langu ni moja: kimefungua nini? Kifaa ambacho hakijafungua nati yoyote bado hakina habari. Niambie bolti iliyokutesa, iko sehemu gani ya gari, na hiki chuma kimeifanyaje. Hapo nitakusikiliza mpaka giza liingie.

Mwaka huu kilichonifurahisha kuliko vyote ni soketi namba 54, yaani ya kuvaa nati yenye upana wa milimita 54. Ilinunuliwa na fundi mwenzangu, kijana tuliyeanza naye kazi, aliiagiza Dar pamoja na vipuri vingine. Ni soketi kubwa, fupi, inajaza kiganja, na kazi yake ni moja tu: nati za habu ya mbele ya Land Cruiser, kile kitovu ambacho gurudumu linafungwa juu yake na beringi ziko ndani yake. Ukiona hivyo unaweza kudhani ni hela nyingi kwa kazi ndogo. Mimi nasema ndiyo manunuzi ya maana kuliko yote yaliyowekwa juu ya lile gunia, na nitaeleza kwa nini.

Habu ya mbele ya magari haya inashikwa na nati mbili pana na nyembamba. Ya ndani ndiyo inayopanga beringi ikae kwa mkazo gani. Ya nje inaifunga ya ndani isitembee. Katikati yake kuna washa ambayo mdomo wake unakunjwa ili kuzizuia zote mbili. Sasa, katika gereji nyingi sana nati hizi zinafunguliwa kwa tindo na nyundo. Unaweka ncha ya tindo kwenye kona ya nati, unagonga, inazunguka kidogo, unagonga tena. Inafunguka, sikatai. Lakini angalia nati iliyopitia mikono mitatu ya namna hiyo: kona zimeliwa, uso una makovu, na vipande vidogo vya chuma vimedondokea kwenye grisi. Vipande hivyo haviendi popote. Vinabaki ndani, vinazunguka na roli za beringi, na mwenye gari anarudi kabla msimu haujaisha akilalamika kwamba beringi alizouziwa ni feki. Pengine zilikuwa orijino kabisa.

Na hilo la kufungua ni nusu tu. Ubaya mkubwa uko kwenye kufunga. Tindo haikwambii umekaza kiasi gani. Ukizidisha, beringi inachemka njiani, grisi inayeyuka, na kutoka lango la Naabi mpaka Seronera ni mbali sana kwa habu inayotoa moshi. Ukilegeza mno, gurudumu linacheza na tairi linalika upande.

Ukiwa na soketi unafanya hivi. Unakaza nati ya ndani huku mkono mwingine unaizungusha habu mbele na nyuma, ili roli zikae mahali pake. Unailegeza. Unaikaza tena taratibu kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo, kwa sababu kila modeli ina chake. Kisha unachukua mizani ya ndoano, zile za kuning'iniza za kupimia nyama, unaining'iniza kwenye stadi moja, yaani bolti ya kushikia gurudumu, na kuvuta, ukisoma ni kilo ngapi habu inapoanza tu kuzunguka. Kitabu kinakupa kiwango cha chini na cha juu. Ukiwa katikati yake, unaweka washa, unakaza nati ya nje, unarudia kupima, ndipo unakunja mdomo wa washa. Kijana wetu alitufanyia zoezi zima kwenye gari lililokuwa juu ya stendi, na dogo mmoja anayejifunza kazi akaniuliza kwa mshangao, "Dada fundi, kwa hiyo siku zote tulikuwa tunakisia?" Nikamwambia ndiyo, mdogo wangu, ndivyo tulivyofundishwa wengi, na sasa wewe umefundishwa vingine.

Wapo wakereza vyuma hapa mjini wanaoweza kukutengenezea soketi ya aina hii kwa bomba nene, na kuna moja niliishika ikiwa na umbo safi kabisa. Ukienda njia hiyo, uliza ni chuma gani. Chuma laini kinafunguka kingo zake taratibu, na soketi iliyofunguka inakula nati vilevile kama tindo.

Racheti, ule mpini wenye meno ndani unaozungusha soketi bila kuitoa kwenye bolti, nitaigusa kwa sababu kila mtu anaileta. Safari hii karibu zote zilikuwa za meno 72, mdomo wa kuvishia soketi wa inchi 3/8, na nimefurahi kwamba watu wanaanza kuuliza habari za meno kabla ya kuuliza rangi ya mpini. Hesabu yake ni nyepesi. Duara lina nyuzi 360. Racheti ya meno 36 inahitaji nyuzi 10 ndipo ishike jino linalofuata, ya meno 72 inahitaji 5. Kwenye mpini wa sentimita 20 hiyo ni tofauti kati ya kusogeza mkono sentimita tatu na nusu na kusogeza chini ya mbili. Mezani hutaona maana yake. Lala chini ya gari, pitisha mkono kati ya chasisi na gia boksi, utafute bolti ya juu ya stata ambayo huioni, ndipo utajua hizo sentimita mbili zina thamani gani. Ombi langu kwa walionunua: racheti hiyo siyo ya kuvunjia bolti iliyoganda. Usiiongezee bomba. Anza na mpini mrefu usio na meno, wa mdomo wa nusu inchi, bolti ikishakubali, racheti imalizie.

Na soketi zake ziwe za pembe sita. Jirani mmoja alileta sanduku kubwa jipya, soketi kuanzia namba 4 mpaka 32, zimepangwa zikang'aa, lakini zote za pembe kumi na mbili. Pembe kumi na mbili ni rahisi kuivisha, hilo kweli, ila inashika bolti karibu na kona zake, na bolti ya gari lililovuka mito na kula magadi ya Ngorongoro miaka kumi haina tena kona za kutegemea. Pembe sita inalalia zaidi kwenye ubavu. Kwa mtu wa nyumbani anayebadilisha plagi na betri, sanduku lile linamtosha na ninampongeza. Kwa fundi wa kila siku ningesema weka hela, nunua moja moja. Toyota nyingi utaziishi kwa 10, 12, 14, 17 na 19. Ukiletewa gari la Ujerumani utahitaji 13, 16 na 18, kwa kuwa bolti ya milimita nane ambayo Mjapani huipa kichwa cha 12, Mjerumani huipa cha 13. Mwenye namba hizo nane katika chuma kizuri, fupi na ndefu, ana karibu kila kitu kilichomo kwenye lile sanduku ambacho angekishika.

Sasa mwalimu. Ni mstaafu, anakaa Tengeru, ana Land Rover ya Series III ambayo anaifufua mwenyewe nyuma ya nyumba. Tangu lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 hapa Arusha naona wazee wengi wameyatoa magari yao ya zamani chini ya miembe, na yeye ni mmojawao. Tulipomwamkia, "Shikamoo mwalimu," akaitikia huku anafungua gazeti. Ndani yake kulikuwa na spana tano za mtumba, nyeusi, za inchi, alizozikuta Moshi, soko la Memorial, kwa mtu aliyezichanganya na bawaba na vitasa.

Mafundi vijana walizipita. Mimi nilikaa nazo. Gari lile lina bolti nyingi za inchi, na watu wanazilazimishia spana za milimita. Nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 inaingia na kucheza kidogo, na ikiwa nati haijaganda inafunguka. Lakini 7/16 ni milimita 11.1: spana ya 11 haivai vizuri na ya 12 inateleza. Na 9/16 ni 14.3: ya 14 inakataa, ya 15 inazunguka bure na kuacha nati ya mviringo. Mwalimu alikuwa na ya 7/16 na ya 9/16, mdomo upande mmoja na ringi upande mwingine, na zote zimeandikwa AF, maana yake namba hiyo ni upana wa nati kutoka ubavu mpaka ubavu. Alitusimulia pia kuhusu moja yenye herufi W aliyoirudisha kwa muuzaji palepale akabadilishiwa. Namba kwenye spana za W ni unene wa bolti na siyo upana wa mdomo, ndiyo maana ya 1/4 W ina mdomo wa zaidi ya milimita 13. "Binti yangu," akaniambia, "nimeokoa nati zote nane za bomba la moshi, hakuna hata moja iliyokatwa." Hilo ndilo jibu la swali langu, na alilitoa kabla sijauliza.

Kijana wa pikipiki kutoka Sakina alileta bisibisi moja tu, ya Vessel, ya Japani. Wenzake wakaona haba. Ila skrubu za nyota kwenye Honda na Yamaha za zamani zimechongwa kwa kipimo cha Kijapani, na nyingi zina kidoti kidogo kichwani. Bisibisi ya nyota ya kawaida haifiki chini ya ule mchongo, ukikaza inapanda juu na kusaga skrubu. Amefungua kabureta yake bila kuua hata moja. Nami nimeshaagiza yangu.

Mimi mwenyewe niliweka spana ya kupima mkazo, nusu inchi, kutoka Nyutoni-mita 40 mpaka 200, ile inayotoa mlio ukifika kipimo. Niliitaka kwa ajili ya nati za magurudumu. Gari linaondoka hapa zima, linapigwa na barabara ya mawimbi kutwa nzima, na dereva anajikuta nati mbili zimelegea. Wengine wanajibu hilo kwa kusimama juu ya spana na kurukaruka, mpaka stadi inakatika. Mkazo ni hesabu ya uzito na urefu: kilo 20 mwishoni mwa mpini wa nusu mita ni kama Nyutoni-mita 98. Mtu wa kilo 80 akisimama mwisho wa mpini huohuo anafikia karibu 400, na akiruka sijui stadi imtendee nini zaidi ya kukatika. Sasa nakaza kwa kipimo cha kitabu, kwa mtindo wa kuvuka kutoka nati moja kwenda iliyo mkabala nayo, na ninamwomba dereva arudie kukagua baada ya safari ya kwanza. Wanaoazima wajue masharti: haifungulii kitu, inafunga tu, na ukimaliza rudisha kipimo kwenye namba ya chini kabisa kabla ya kuilaza, springi yake isichoke.

Kuhusu ile 54: mwenyewe amekubali ikae gereji kwetu mpaka Oktoba ili mafundi wa jirani waitumie, pamoja na mizani. Kuna daftari, unaandika jina lako na namba ya gari. Ukiihitaji, njoo kabla ya saa nne asubuhi, habu iwe imeshaoshwa kwa dizeli, na uje na washa mpya. Zile za zamani zilizokunjwa na kukunjuliwa hatuzirudishii.