Jinsi nilivyowachezesha wasichana 42

Nilipokabidhiwa michezo shuleni kwetu, netiboli ilikuwa mali ya wasichana 12. Hao ndio walioitwa timu. Wengine 30 walikuja mazoezini, wakakaa chini ya mwembe kungoja mpira utoke nje wauokote.

Iliniuma. Kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza, kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ngazi ya kata, nikaamua kila anayekuja mazoezini apate kucheza. Robo ya tatu nikamwingiza binti wa Darasa la Tano, nikamweka senta. Hakuwahi kucheza mechi. Akipata mpira anaganda, sekunde tatu za kuushika zinapita, filimbi inalia, na wenzake wanamfokea mbele ya shule nyingine zote. Tulitolewa. Hilo nilimeza. Lililoninyima usingizi ni maneno yake kesho yake: "Mwalimu, mimi netiboli basi."

Kosa lilikuwa langu. Nilimpa nafasi siku ambayo si ya kujifunzia.

Mwaka uliofuata nikatenganisha mambo. Jumatatu na Jumatano ni ligi yetu ya ndani: timu sita za wachezaji saba saba, hodari na wanyonge wamechanganywa, robo za dakika 8 badala ya 15 ili mechi tatu ziishe kabla ya giza. Fundi wa kuchomelea akatutengenezea pete mbili za uwanja wa pili. Sharti ni moja tu, kila robo mnabadilishana nafasi. Netiboli usipoangalia inamfungia mtoto kwenye eneo lake. Wanaoruhusiwa kufunga ni wafungaji wawili, GS na GA, peke yao, na mnyonge akishapangwa GK, mlinda goli, atabaki huko mpaka amalize la Saba.

Ijumaa ni ya kikosi cha mashindano. Hapo anaanza anayecheza vizuri, na wote nimewaambia hivyo mapema, wazi.

Walionuna ni wale 12. Waliona nawashusha. Nikawapa timu za ligi wazisimamie, wawili wawili, wafundishe kukamata mpira na kutua bila kuburuta mguu. Wengine walikubali upesi, mmoja alinipa kazi ya muhula mzima.

Yule binti alirudi kwenye ligi ya ndani. Anacheza popote anapopangwa, ila WD, mlinzi wa pembeni, ndiyo anayoipenda. Kikosi cha Ijumaa hajaomba, nami simsukumi.