Mwamba wa Madoa umekamilika

Jamani, wiki tatu sebule yangu imegeuka karakana, lakini mwamba wa bandia wa Madoa umekamilika! Madoa ni mjusi wangu, geko mwenye mabaka kama chui. Wenzake porini hukaa kwenye nyufa za miamba huko Pakistan na Afghanistan, nami niliona aibu kumwachia ukuta mtupu wa kioo kwenye tangi lake.

Nilichukua stairofomu iliyokuja na friji, nikaichonga kwa kisu, nikaacha mapango mawili madogo. Kisha nikafanya ujinga: nikapuliza rangi ya kopo. Ikaila stairofomu nikiitazama, kama mchwa na mlango wa mbao. Basi nikaanza upya, safari hii kwa grauti, ile saruji ya kujazia kati ya vigae, tabaka nne, la kwanza jepesi kama uji wa mgonjwa ili liingie kila ufa. Juu yake rangi ya maji na mchanga kidogo kucha zipate pa kushika, maana huyu si kama mjusi kafiri wa nyumbani, kwenye kioo hanati.

Silikoni, ile gundi ya kuubandika mwamba kwenye kioo, niliipa wiki nzima ikauke, hadi harufu ya siki ikaisha.

Jana usiku nimemrudisha. Kakagua pango la kwanza, la pili, kisha akaenda kulala kwenye kopo lake la zamani la plastiki. 😂